Zimeni Kiyoyozi

Kifurushi kimefika kutoka Dubai siku ya kumi na moja,
na ndani yake, kimeviringwa plastiki ya malengelenge,
king'amuzi: kibati cha kijani, upana wa ukucha wa gumba,
na nyuzi tisa za rangi zikining'inia kama mkia.

Baba amekwisha kufuta meza.
Amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.
"Shinuna, wewe ndiye mwenye mkono," ananiambia,
na wa kwake unatetemeka pajani
kama sindano ya geji.

Stoo ya darini, Al-Khoudh,
ubavuni mwa tangi ambalo Agosti hii
linatoa maji ya kuivisha yai.
Reli inazunguka magunia ya mchele,
inapita chini ya ubao wa pasi wa Mama,
inafika stesheni ya kadibodi aliyoiandika kwa wino: TABORA.
Hapo njia inagawanyika, huku Kigoma, huku Mwanza,
na huku, kwa kuwa nafasi ilikwisha, mlangoni.

Nafungua skrubu nne, nakivua koti kichwa cha treni.
King'amuzi cha zamani nakitoa kwa koleo;
miaka tisa kiliimba kama nyuki ndani ya chupa.
Nyekundu na nyeusi zinakwenda relini,
machungwa na kijivu kwenye mota,
zambarau mbili kwa spika iliyo ndogo kama kifungo cha kanzu.
Risasi inayeyuka.
Moshi wake unanukia udi uliokosewa.

Kila king'amuzi huzaliwa na anwani moja: tatu.
Baba hakubali. "Mpe ishirini na sita. Ndiyo yake."
Naandika. Treni inashtuka mara moja,
kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya umati.

Kisha ikanguruma.
Mvuke, breki, makaa yakichotwa kwa sepetu,
kila kitu safi, kila kitu mahali pake.
Baba akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
kama anavyosikiliza hotuba kwenye harusi ya watu asiowajua.
"Nzuri," akasema. "Lakini huyu ana afya.
Ishirini na sita alikuwa na pumu."

Nilitafuta wiki nzima. Hakuna aliyemrekodi.
Aliyekuwa akimsikiliza ni mtoto wa miaka minane
nyuma ya duka la mafuta ya taa na chumvi,
amelala chali, anahesabu pumzi za treni
badala ya kuhesabu usingizi.

King'amuzi kipya kina nafasi tupu nne,
mtu ajaze apendacho.
"Basi," akasema, "zimeni kiyoyozi."

Tukazima. Saa nane za usiku.
Tukazima feni, tukazima na friji.
Mama akauliza kutoka chini kama umeme umekatika.
Nikamwambia hapana, Baba anakuwa treni.
Akasema haya, na akarudi kulala.

Aliishika simu karibu na midomo kama anayeipuliza ipoe.
*Tfu-haa. Tfu-haa. Tfu-haa.* Ya nne hakuimaliza,
"huyu ya nne haimfikii," akanong'ona,
na jasho likamtiririka mpaka kwenye kola,
na mkono wake, nilipoutazama,
ulikuwa umetulia.

Kwenye honi akakohoa.
"Futa," akasema.
Nikamwambia nimefuta.

Ijumaa baada ya sala wajukuu wanapanda darini na sambusa zao.
Ishirini na sita anaondoka Tabora
kwa pumzi tatu na nusu,
anaupita mchele, anainama chini ya ubao wa pasi,
na pale pale kwenye kona, kabla ya honi, anakohoa.

Na Baba hugeuka, kila Ijumaa,
kutazama nani kati yetu anaumwa.