Ukuta wa Chumba cha Tatu

Tiketi mbili, elfu tatu tatu.
Baba alivua viatu mlangoni
ingawa hakuna aliyemwambia,
akavibana kwapani, soli kwa soli,
kama mtu aliyeingia kwa watu.

Jumba la Merwanji, Upanga. Vioo vya rangi juu ya milango:
nyekundu ikamwagika begani mwake, kisha kijani.
Binti wa maelezo, Tusajigwe, alianza na miaka,
nani alijenga, nani alinyang'anywa,
shirika gani la umma lilipanga mafaili humu
hadi mchwa wakamaliza mafaili, kisha shirika.
Baba aliitikia "naam" kila pasipohitaji naam.

Mimi nilitazama picha.
Mwanamke mwenye shingo ndefu kuliko subira.
Soko la Ilala bila kelele, bila harufu ya dagaa.
Mraba wa bluu tupu; bei yake sikuthubutu kuuliza.
Yeye alitazama katikati ya picha na picha,
pale peupe, pasipo na jina wala mwaka.
Akagonga kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza.
Akagonga tena, hatua moja kulia.

"Mzee, hairuhusiwi kugusa," mlinzi akasema.
"Picha sijagusa. Nagusa kazi."

Sabini na nne. Masika ilibomoa upande huu,
wakaitwa mafundi watatu kutoka Buguruni.
Chokaa waliiloweka kwenye pipa wiki mbili
(saruji ina haraka, husema, chokaa ina adabu).
Malipo yakachelewa. Siku ya mwisho
akabonyeza kidole gumba kwenye lipu mbichi,
usawa wa kitovu, karibu na dirisha.
Basi. Si jina.
Kisomo cha watu wazima kilikuwa bado hakijamfikia.

Na karibu na dirisha, chumba cha tatu,
imetundikwa picha pana: Fundi Kazini.
Mgongo wazi, mwiko mkononi, jua nyuma kama sinia.
Baba akaisogelea hadi pua ikakaribia kugusa.
"Huyu kashika mwiko kama kijiko cha uji."
Tusajigwe alicheka, kisha akaacha kucheka.

Alitazama kushoto, akatazama kulia,
akaniashiria nishike kona moja ya fremu.
Mlinzi, Bwana Ndimbo, ghafla alikumbuka
kwamba ameacha birika jikoni.

Tuliivuta kidogo tu, upana wa mkono.
Vumbi. Buibui mwembamba akatimka.
Nyeupe juu ya nyeupe, rangi za serikali ngapi sijui.
Mimi sikuona kitu.
Baba akaingiza mkono hadi kiwikoni,
shavu lake ubavuni mwa Fundi Kazini, macho kayafumba,
akipapasa taratibu
kama atafutaye swichi kwenye nyumba aliyowahi kuishi.

"Rudisheni," akasema.
Hakusema kama amekipata.

Nje alikaa kwenye ngazi kuvaa viatu.
Kidole gumba cha kulia kilikuwa cheupe.
Hakukifuta.
Kahawa tuliyonunua njia panda
aliinywa kwa vidole vinne.