Viungo

Gabrovo ni mji wa wabahili.
Paka wetu, wanasema, tuliwakata mikia
wapite mlangoni upesi
joto la jiko lisiwafuate nje.
Basi msinishangae mimi, Tsonka,
nilipotaka tovuti kwa bei ya kuku wawili.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama kwenye mashine ya kufuma.
Kiwanda kikafungwa Ijumaa.
Jumatatu wakang'oa mashine,
Jumanne wakarudia balbu.
Nikabaki na viungo:
vya vidole, vinavyouma mvua ikiwa bado iko Serbia,
na vya jikoni, pilipili nyekundu na majani ya mama,
vinavyoning'inia dirishani kwa uzi
niliosahau kuurudisha kiwandani.

Mjukuu wangu akapiga simu toka Leipzig:
Bibi, kuna viungo vya aina ya tatu.
Neno la buluu. Mtu akilibonyeza anafika dukani,
akinunua kinu cha kusagia pilipili
duka linakukumbuka kwa senti kidogo.

Huo ni udalali, nikamwambia, usinizungushe.
Baba yangu aliishi kwa ng'ombe wasio wake
mpaka siku aliyozikwa.

Kampuni ya Sofia ilitaka leva elfu mbili.
Nilicheka hadi paka akatoka, pole pole,
maana huyu wangu mkia anao.

Nikampata Shafayet wa Sylhet,
asiyelala saa ambazo mimi silali.
Alitaka tisini. Nikasema thelathini na tano.
Akasema sabini, mama yangu mgonjwa.
Nikasema arobaini, mimi ndiye mama.
Tukakutana hamsini na tano
na jozi moja ya soksi za sufu.

Kati yetu, mashine ya kutafsiri,
iliyoniita "bwana mpendwa" wiki tatu mfululizo.

Sikuandika hata nukta ya lugha ya kompyuta.
Niliburuta tu. Picha hapa, maneno pale,
kisanduku kikitoroka nakirudisha
kama uzi uliokatika.
Yeye alisema mtandao, mimi nikasikia mtande,
zile nyuzi zilizonyooka zikingoja mshindio,
na mkono ukajua pa kwenda
kabla yangu.

Kisha nikaandika.
Kinu hiki cha ghali ni kizuri,
ila mpini wake ni adui wa vidole kama vyangu.
Hiki cha rahisi kinamwaga. Usinunue.

Shafayet akashtuka: Bwana mpendwa,
dalali hasemi usinunue!
Baba alisema, nikamjibu.
Ng'ombe akiwa na kwato mbovu, aliitaja kwato kwanza.
Ndiyo maana walimrudia, hata wale aliowanyima.

Miezi minne, kimya.
Wageni tisa,
mmoja wao mimi, nikichungulia kama taa inawaka.

Februari, theluji ikiwa magotini,
mtu wa Varna akanunua kinu.
Stotinki themanini na nne.
Nilizitazama kwenye kioo mpaka chai ikapoa.
Nusu mkate, labda.
Mkate ambao sikuukanda.

Soksi zilinichukua jioni kumi na moja,
kidole cha kati kikikataa, cha shahada kikimbembeleza.
Posta wakapima, wakasema leva kumi na tisa.
Nililipa. Msinitangaze.
Mji mzima utaninyima salamu.

Jana imekuja picha:
Shafayet, miguu juu ya meza,
soksi za sufu hadi chini ya goti
katika joto la digrii thelathini na nne,
jasho usoni, meno yote nje,
na nyuma yake mwanamke mwembamba kitandani
ameinua kichwa kuona kinachochekesha.

Nimeibandika chini kabisa ya ukurasa,
chini ya vinu, chini ya bei.
Haina neno la buluu.
Bonyeza utakavyo,
haikupeleki popote.