Skrubu ya Jumapili

Waliniita Sofia kwa barua yenye muhuri,
mimi, fundi wa miaka thelathini na mmoja,
niliyezoea kuitwa kwa mluzi.
Zlatina akanipigia pasi shati la harusi ya binti yetu,
akasema: ukikaa nao mezani, ficha kucha.

Sikuzificha. Weusi huo ni wa Ishirini na Saba,
ndege yetu ya mwisho inayokubali kuamka.
Nyingine zinalana.
Pampu ya hii imetoka kwa ile,
gurudumu la ile limetoka kwa marehemu,
na marehemu mwenyewe amesimama nyuma ya banda,
hana macho, hana miguu,
korongo wamejenga juu ya mkia wake.
Kila theluji ikiyeyuka wanarudi, mke na mume.
Wao hawajawahi kukosa vipuri.

Mezani palikuwa na ndege tatu za plastiki,
kila moja imeshabandikwa bendera yetu,
kama bibi harusi aliyepakwa hina kabla ya posa.
Mwuzaji wa kwanza alisifia macho:
yake humwona adui kabla adui hajavaa viatu.
Wa pili alisifia miguu:
yake hutua barabarani, penye barafu, kati ya malori ya viazi.
Wa tatu alileta mitumba,
imefuliwa, imenyooshwa, imetiwa marashi,
na inapatikana kesho asubuhi.

Jenerali Dralchev akatikisa kichwa, kushoto, kulia.
Kwetu hiyo ndiyo ndiyo;
hapana yetu ni kidevu kinachoinuka mara moja.
Mgeni hakuambiwa.
Akameza mate, akapunguza milioni arobaini.
Jenerali akazidi kutikisa, sasa kwa raha,
zikaondoka nyingine kumi.
Mkalimani alikuwa ameinamia kahawa yake,
na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza.
Sijawahi kuona shingo ikivuna namna ile.

Halafu: Na wewe, fundi, una swali?

Ninalo moja.
Ni Jumapili, mwezi wa pili, theluji imefika magotini.
Ognyan yumo kitini, amefunga mkanda,
na skrubu moja, ndogo kama jino la mtoto,
imekatika kichwa.
Nampigia nani?
Mtu huyo, Jumapili, hupokea simu?
Na akipokea,
ataniuliza kwanza rubani wangu anakwenda wapi?

Wa kwanza akafungua kitabu.
Wa pili akamtazama wa kwanza.
Wa tatu akasema skrubu zake hazikatiki.
Nikaliandika hilo, na tarehe.

Maana hata hizi kuukuu zilikuja na tabasamu.
Tuliambiwa huyu ni rafiki, msimuulize risiti.
Rafiki akabaki na funguo za kabati,
na siku tulipokosana akalifunga, akaenda kulala.
Sasa Ognyan anaruka saa nne kwa mwezi.
Saa zilizobaki, mkewe ananiambia,
anakaa kwenye stuli ya jikoni, macho amefumba,
mkono wa kulia umeshika kitu kisichokuwepo,
akiegemea kona polepole
hadi chai inapopoa.

Wamechagua. Sitasema ipi, nimetia sahihi.
Ya kwanza itafika baada ya miaka saba,
mimi nitakuwa na nyanya zangu na goti langu.
Nilimpa Ralitsa, mwanagenzi, spana yangu ya kumi na nne.
Akaigeuza mkononi kwa adabu:
Mjomba, hizo mpya hazina nati za saizi hii.
Ishike tu, nikamwambia.

Nyumbani, Zlatina alikuwa anachoma pilipili hoho uani,
moshi umemjaa kwenye nywele.
Mmechagua?
Nikatikisa kichwa, kushoto, kulia.
Na lile la skrubu, walikujibu?
Nikainua kidevu.
Akanisogezea ndoo, nikaanza kumenya.