Ratiba ya Luchelele

Tumeiandika nyuma ya mfuko wa unga,
kalamu ya Shinje, taa ya simu,
mbu wakiwa mashahidi.

Jumatatu, Saanane.
Watoto wawaone pimbi wakiota jua mawemawe
kama wapangaji wasiodaiwa kodi.

Jumanne, Bujora, tukaone ngoma za kale,
halafu Mwaloni, tununue dagaa.
Malando anapinga:
"Likizo gani hii ya kunuka dagaa?"
Tunafuta. Tunarudisha. Tunafuta tena,
mpaka karatasi inatoboka.

Jumatano, kivuko cha Kamanga,
kwenda na kurudi, bila shughuli yoyote ng'ambo.
Ng'wandu ana miaka sita;
shughuli ndiyo hiyo.

Nauli tumejumlisha mara tatu,
kila mara jibu jipya.
Hema linavuta pumzi, linashusha.
Sufuria ya chai imeacha duara jeusi
pale ilipopaswa kukaa Alhamisi.

"Nabwire, wewe hujataja pako."

Anachochea moto kwa kijiti.
Mbali majini, karabai za wavuvi zimejipanga,
mji mzima ambao asubuhi hautakuwepo.

"Nansio," anasema. "Kwa baba.
Sasa hivi majani yatakuwa yamemfunika."

Hakuna anayesema kwamba Nansio si ya kwenda na kurudi,
kwamba hema tumelilipia mpaka Ijumaa.
Malando anakohoa.
Shinje anavuta mfuko magotini,
anaandika ndani ya duara lile, palipo bado na unyevu:
*Nansio. Tutalala huko.*

Na chini yake, kwa herufi ndogo:
*jembe, nani anabeba?*