Lehemu

Miaka thelathini na moja nimekula kwa lehemu.
Hapa Mtaa wa Aggrey, meza yangu chini ya ngazi,
naivuta kama uzi wa mvi, naigusa na pasi ya moto,
inatoa moshi kidogo, na redio iliyokata kauli
inakohoa, inataja saa.

Kwa hiyo Daktari Mwaisaka aliponiambia,
"Fundi, una lehemu nyingi kwenye damu,"
nilicheka hadi pamba ikadondoka mkononi.
Yeye hakucheka.
"Inatakiwa isifike tatu. Yako ni sita nukta moja.
Baba yako alifariki kwa nini?"

Alidondoka, nikasema.
Alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu,
kiatu kimoja kilishafungwa.
Hamsini na miwili.
Matangani tulimtaja jirani, tukaitaja husuda,
hakuna aliyeitaja damu.

Mimi nina hamsini na mmoja.

Nikaomba miezi mitatu. Vidonge baadaye, nikasema,
kwanza niache miguu ijitetee.
Kila alfajiri nikatoka Magomeni kwa miguu,
nikavuka Jangwani, matope yananuka mvua ya juzi,
nikafika Kariakoo shati limenigandia mgongoni.
Supu ya utumbo ya Gerezani niliipita upande wa pili wa barabara,
kama mtu anayekwepa mdai wake.
Siwema akapima mafuta kwa kijiko cha dawa ya mtoto.
Samaki chukuchuku. Muhogo wa kuchemsha. Mchicha bila nazi,
na huo mchicha bila nazi, Mungu anisamehe,
nilikuwa nautafuna kama risiti.
Mkanda ukanipwaya. Nikautoboa matundu mawili mapya
kwa ncha ya pasi yangu ya kulehemu,
na moshi wa ngozi ukanukia ushindi.

Ndugu yangu Pazi akaleta kitunguu saumu na unga wa mlonge.
"Vidonge usiguse. Ukianza, hutoki."
Alisema hivyo mshikaki ukiwa mkononi,
na mimi nikamwamini kuliko maabara.

Miezi mitatu. Karatasi mpya.
Tano nukta mbili.

Niliangalia viatu vyangu, soli imelika upande.
Njia yote ile kwa nukta tisa tu?
Nilitaka kudai chenji yangu.

Daktari akavuta kiti karibu.
"Umepunguza kinachoingia mlangoni, hongera, si kazi ndogo.
Lakini nyingine inapikwa ndani, kwenye ini,
na mpishi wake umemrithi.
Nikuulize, fundi. Redio ikija na hitilafu ya kiwandani,
unaipangusa vumbi?"

"Naipangusa," nikasema.
"Halafu naifungua."

Nikasikia nilichosema.

Kidonge ni kidogo kuliko kitufe cha shati.
Nakimeza usiku, glasi ya maji kando ya miwani.
Wiki za kwanza mapaja yaliniuma, nikataka kuacha kimyakimya
kama Lukindo wa duka la kaseti,
aliyeacha bila kumwambia mtu,
na alipokuwa akimeza alikula kuku na ngozi yake,
akisema dawa itafagia.
Sikuacha. Nilirudi kuuliza. Wakanibadilishia.

Pazi anauliza nitameza hadi lini.
Namuuliza yeye atapiga mswaki hadi lini.

Na Jangwani bado navuka.
Siku nyingine kwa uvivu, siku nyingine kwa hasira,
siku nyingine kwa sababu hewa ya alfajiri ile nimeizoea
na nikiikosa, meza inaniona mkali.
Ijumaa moja moja Siwema anatia nazi.
Hatuzungumzi. Tunakula.

Mara ya mwisho: mbili nukta nane.
Karatasi hiyo nimeibandika mezani, juu ya risasi na nyaya,
wateja wanadhani ni bei.

Jumamosi nilimpeleka mwanangu Chande, miaka ishirini na mitatu,
mwembamba kama antena.
Aliposikia neno lehemu akacheka,
pamba mkononi.

Nikamshikia ile pamba.