Nyuzi Ishirini

Karakana yetu Kizota ina bati lililotoboka;
saa saba mchana jua hupenya hapo kama bisibisi
likakaza tulichokilegeza asubuhi.
Humo tulimlaza Kozi, mita tatu na ushee,
vipande viwili: cha chini kinene, cha juu chembamba,
na katikati kiungo nilichokipiga msasa siku nne
hadi kikaingia bila kulia, kikatoka bila kubembelezwa.

Ndahani alimwaga fueli, akaikausha,
akaipima kwa mizani ya kuazima dukani.
Hadi leo roketi yetu inanukia dagaa.

Sechelela, mshona magauni ya maharusi soko la Majengo,
alishika kitambaa cha parachuti, akauliza:
"Hiki kitu kitashuka kwa kasi gani?"
Nikamwambia.
Akafumua mshono wote, akaanza upya.

Mimi nilipewa ubongo:
kibao cha saketi, upana wa kiberiti,
betri moja, kihisi kinachojua juu ni wapi.
Nikakiandikia sharti:
cha chini kikishaungua, jitazame.
Ukiwa umeinama zaidi ya nyuzi ishirini,
usiwashe cha pili.

"Arobaini," akasema Ndahani.
Tuligombana hadi ugali ukaota ngozi.
"Ishirini ni woga. Mtu wa Dodoma unaogopa upepo?"
Nikamwambia: roketi iliyolala
ukiiwasha haiendi mbinguni.
Inakwenda kwa watu.

Mbuga ya Bahi, Agosti.
Tope la masika limekauka, limepasuka vigae.
Malogo, mwenye ng'ombe, alikubali kuwasogeza
kwa ahadi kwamba atahesabu yeye.
Kibali chetu kilikuwa kinaisha saa nne.
Saa tatu na dakika hamsini
upepo ulikuwa bado unajifikiria.

Malogo akahesabu kwa Kigogo, kumi kushuka,
akakosea saba, akairudia.

Sikumwona Kozi akiondoka.
Niliona nafasi yake tu: mlingoti mtupu, moshi,
halafu ngurumo, iliyonifika kifuani
kabla ya masikio.

Cha chini kikazima. Kikaachia.
Moja.
Mbili.
Tatu.
Nyuso zote juu, vinywa wazi,
tukisubiri moto wa pili.

"Washa!" Ndahani alipaza sauti,
kama anayemwita mtoto aliyejifungia chooni.
"Washa basi! Washa!"

Cha juu kikapanda kwa nguvu ya mkopo,
kikapunguza, kikapinda, kikachoka,
kikafungua kifuani kitu cheupe
chenye lesi pembeni.
Lesi! Sikuwa nimeiona karakana.
Sechelela akatazama viatu vyake.

Tulikikuta mbali, kando ya kichuguu,
fueli yote ndani, kizito, baridi.
Ndahani alikibeba mwenyewe, hakutaka msaada,
wala hakunisemesha njia nzima.

Nikachomeka waya, nikasoma.
Wakati wa kuamua: nyuzi ishirini na tatu.
Mwelekeo: mashariki.

Tukageuka kutazama mashariki.
Mabati ya shule yalikuwa yanameta.
Kengele ya mapumziko ikalia, ndogo, ya chuma chakavu,
na kelele za watoto zikatufikia
vipandevipande, kadiri upepo ulivyotaka.

Ndahani alikilaza kile kipande chini
taratibu, kwa mikono miwili.

Sechelela alikuwa ametandaza parachuti juu ya vigae vya tope,
anatambaa kwa magoti, anakagua mshono.
"Uzi mmoja umekatika," akasema.
Hakuna aliyeuliza kati ya nyuzi ngapi.

Baadaye, tukifunga mizigo:
"Thelathini," akasema Ndahani,
kwa sauti ya mtu anayenunua mbuzi.
"Ishirini."
"Ishirini na tano, na mimi ndiye nitakayepiga msasa."
Sechelela, sindano kati ya meno,
akatikisa kichwa kwa niaba yangu.

Ndahani akapangusa mikono kwenye suruali,
akaenda kumsaidia Malogo kurudisha ng'ombe.