Dirisha la Nne

Karani ameniuliza kazi, nami nimenyamaza.
Kalamu yake imesimama juu ya kisanduku
kidogo kama kifungo cha shati.
"Kazi, mzee. Ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Nyuma yangu watu wanakohoa. Foleni ya Alhamisi.

Ningemwambia nilikuja Nairobi na orutu ndani ya gunia la mihogo:
uzi mmoja, ngozi ya kenge, upinde wa kijiti,
na Zedekia Owaga kando, ngoma kichwani kama mtungi.
Tulilala Kaloleni kwa binamu yake, chini ya meza.
Kesho yake mtaani kulikuwa na matanga; tukapiga mpaka alfajiri,
tukalipwa chai, nusu mkate na shilingi saba.
Shilingi saba! Zedekia alizihesabu mara tisa
asije akakuta zimepungua.

Tulirekodi sahani moja River Road,
katika chumba kilichozibwa kwa magodoro.
Mchapaji alikosea jina langu. Badala ya Agengo, Agenga.
Hadi leo wapo wazee wanaomsifu huyo Agenga mbele yangu,
nami huitikia: kweli, alikuwa moto.

Perez aliposhika mimba ya Rosalida aliniambia
sifa haziivi sufuriani.
Hakuniambia mara mbili.

Nikaingia Posta na Simu, nikapanda nguzo
miaka ishirini na mitatu.
Wenzangu walibeba vyombo vya kupimia; mimi niliegemeza sikio.
Waya mzima huvuma chini chini,
kama mama anayepepeta mawele huku akiwaza mengine.
Waya mbovu husita, kisha hukwaruza.
Msimamizi alidhani nina dawa.
Hakujua nimelelewa na uzi mmoja,
na sasa, upepo wa Julai ukivuka Jogoo Road,
nilikuwa nazo kumi na mbili kwa mpigo,
nimefungwa mkanda juu kule, kofia ya kazi kichwani,
natokwa machozi, nasingizia vumbi.

Kisha simu zikaingia mifukoni mwa watu.
Wezi wa shaba wakakata zilizobaki.
Tukapunguzwa kwa barua; kila mtu soda moja
na saa ya ukutani, ambayo yangu
huchelewa dakika tatu kwa siku.

Baadaye nililinda geti Kileleshwa.
Hapo sina la kusema.
Mbwa wao alikuwa na daktari wake.

Zedekia alipofariki nilishusha orutu kutoka juu ya kabati.
Ngozi ilikuwa imelegea, nikaianika juani karibu na ndoo.
Usiku huo, katikati ya matanga, uzi ukakatika
na watu wote wakanitazama mimi, si jeneza.
Kijana mmoja akatoka nje, sikujua jina lake, sijui hata leo,
akachomoa waya wa breki kwenye baiskeli yake,
akanikabidhi bila neno.
Asubuhi nilimwona akiteremka kwenda Makongeni,
anafunga breki kwa kandambili.

Waya huo ndio ulioko mpaka sasa.

Rosalida amenijengea Ugenya. Nyumba ya mabati mekundu,
baraza, tangi la maji, kila kitu
ila mtu wa kugombana naye.
"Baba, umestaafu, pumzika."
Namwambia nitakuja mvua ikiisha.
Jioni nakaa chini ya ile saa, nakanyaga sakafu,
yeye tiki, mimi orutu,
na ikisita naisubiri, kama nilivyokuwa nikimsubiri Zedekia
alipokuwa amekunywa.

"Mzee. Kazi."

"Waya," nimesema. "Andika waya."

"Waya si kazi."

Amenitazama, ametazama foleni,
ameandika: *Mstaafu*.
Amegonga muhuri mara mbili.
Wa pili ulichelewa kidogo.